Vyumba vya Uani: Kabla Hujampa Mpangaji Ufunguo

Ukitembea leo katika mitaa ya Umoja au Buruburu, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, ni shida kuona nyumba iliyobaki kama ilivyojengwa katika miaka ya 1970. Pale palipokuwa na bustani ndogo ya sukumawiki pamesimama chumba. Pale palipoegeshwa gari pana duka chini na vyumba juu. Nyuma, penye kamba ya kuanikia nguo, kuna milango miwili au mitatu ya chuma, kila mmoja na kufuli lake na mita yake ya stima. Watu huviita ekstensheni. Katika mitaa ya wenye nafasi, kama vile Lavington na Karen, chumba cha namna hiyo bado huitwa nyumba ya mtumishi, ingawa mtumishi mwenyewe huenda aliondoka siku nyingi na anayelala humo sasa ni karani wa benki au mwanafunzi wa chuo kikuu.

Nyuma ya vyumba hivi mara nyingi yuko mama. Yeye ndiye aliyepokea zamu yake ya chama akanunua mawe badala ya makochi. Yeye ndiye aliyemsimamia fundi, akahesabu mifuko ya saruji asubuhi na jioni, akapika chai ya vibarua. Vyumba viwili vikipata watu, karo ya mtoto wa sekondari imepata pa kutokea. Kwa mjane, kodi hiyo huwa ndiyo pensheni yake.

Lakini vyumba hivyo hivyo ndivyo huleta askari wa kaunti mlangoni, ugomvi na jirani, barua kutoka kwa watoza ushuru na, pengine linalouma kuliko yote, maneno ya shemeji baada ya mazishi: "Nyumba hii ilijengwa na ndugu yetu." Mama anajua alichotoa mfukoni mwake. Kukionyesha ni jambo lingine.

Desturi yenyewe si ngeni. Wakati wa ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kupanga nyumba katika mitaa ya Wazungu. Aliyelala huko alilala kwa sababu ya kazi, katika chumba kidogo nyuma ya jiko la bwana wake, na kipande alichovaa shingoni kilionyesha ameandikwa na nani. Kutoka huko ndiko tulikorithi nyumba ya mtumishi. Baada ya uhuru chumba cha pili kilipata kazi njema zaidi. Mwaka 1975 Serikali na Benki ya Dunia zilikubaliana juu ya mradi wa Dandora, uliotoa viwanja 6,000 vyenye maji na choo. Aliyepewa kiwanja alijijengea vyumba mwenyewe kidogo kidogo, naye aliruhusiwa kupangisha baadhi yake ili apate fedha za kulipa mkopo. Watu waliunda vikundi vya kujenga, wakachanga kila mwezi na kumjengea mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo mama anayepangisha chumba cha uani leo hafanyi jambo la aibu wala la kujificha. Liliwahi kuwa mpango wa Serikali yenyewe.

NYUMBA NI YA NANI?

Hili ndilo swali la kwanza, nalo ndilo linalorukwa na wengi, kwa sababu ndani ya ndoa yenye amani linaonekana kama dharau. Sivyo. Fungua kabati, toa hati ya kumiliki, soma jina lililoandikwa.

Ikiwa jina ni la mume peke yake, au la mke peke yake, na nyumba hiyo ndiyo makao ya familia, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema kwamba katika ndoa ya mke mmoja mali ya ndoa haiwezi kuuzwa, kutolewa zawadi, kuwekwa rehani wala kupangishwa bila ridhaa ya wote wawili. Angalia neno hilo la mwisho. Baba hawezi kumpa rafiki yake chumba cha uani kwa mkataba huku mama hajui, na mama vilevile hawezi kufanya hivyo kwa siri. Karatasi moja yenye sahihi mbili inatosha kuzuia kelele nyingi.

Kisha kuna suala la nani alitoa nini. Sheria hiyo hiyo inasema mchango si fedha tu: kupika, kulea watoto, kusimamia biashara ya nyumbani na kulima shamba vyote vimo. Inasema pia kwamba mtu akiendeleza mali ya mwenzake, hupata haki katika mali hiyo kwa kadiri ya mchango wake. Hayo ni mazuri kuyasikia. Lakini mwezi Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba ndoa ikivunjika mali haigawanywi nusu kwa nusu papo hapo. Kila mmoja ataonyesha mchango wake, na mahakama itapima. Kwa mama aliyejenga vyumba vitatu kwa fedha za chama, maana yake ni kwamba risiti ya mabati aliyoitupa pamoja na takataka ilikuwa sehemu ya haki yake.

Basi weka daftari. Andika tarehe, kiasi, na fedha zilitoka wapi. Ikiwa ni mkopo wa chama au wa ushirika, hifadhi barua ya mkopo. Ikiwa fundi hana risiti, na mafundi wengi hawana, mwandike yeye mwenyewe na atie sahihi. Ukilipa kwa simu, usifute ujumbe; peleka taarifa yote ya mwaka ikapigwe chapa uiweke pamoja na hati. Mume mwema hataona vibaya. Mara nyingi yeye ndiye atakayefurahi kwamba kuna mtu nyumbani anayejua nyumba iligharimu kiasi gani.

Kwa mjane kuna mtego mwingine, nao unawanasa wanawake waaminifu kabisa. Mume amefariki, hati iko kwa jina lake, na wapangaji wanaendelea kulipa. Mama anapokea kodi kama alivyozoea na kununua unga. Chini ya Sheria ya Urithi, hakuna mwenye ruhusa ya kushughulikia mali ya marehemu mpaka mahakama imempa mamlaka ya kusimamia mirathi, na kufanya hivyo bila mamlaka hayo ni kosa. Si kwamba mjane atakamatwa kesho yake. Tatizo ni kwamba shemeji mwenye nia mbaya anaweza kulitumia jambo hilo dhidi yake, au mpangaji mjanja akakataa kulipa akisema, "Wewe si mwenye nyumba." Na kama ni shemeji ndiye aliyeanza kuzunguka akikusanya kodi, sheria hiyo hiyo inamzuia yeye pia.

Kwa hiyo usingoje miaka. Nenda kwa chifu upate barua inayowataja warithi wote, chukua cheti cha kifo na nakala ya hati, kisha upeleke maombi mahakamani. Maombi hutangazwa katika Gazeti rasmi la Serikali na watu hupewa siku 30 za kuleta pingamizi. Kwa kawaida hupita miezi sita tangu kutolewa kwa mamlaka hadi kuthibitishwa, ndipo mali igawanywe na jina kwenye hati libadilishwe. Ni safari ndefu, lakini mwenye mamlaka ya mahakama mkononi hupokea kodi akiwa ametulia.

KIBALI KABLA YA MSINGI

Fundi atakwambia kwamba chumba kimoja cha uani hakihitaji ramani. Amejenga kumi mtaani na hakuna aliyeulizwa. Huenda anasema kweli kuhusu wale kumi. Hata hivyo Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 haitofautishi: hakuna ujenzi ndani ya kaunti bila kibali cha kaunti. Anayeanza bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa jela muda usiozidi miezi miwili, au yote mawili. Fundi hatakuwapo siku hiyo. Anayeulizwa ni mwenye kiwanja.

Kibali huombwa kwa ramani iliyochorwa na mtaalamu aliyesajiliwa. Kwa nyumba ya ghorofa ni lazima awepo pia mhandisi wa kupima uzito. Mwombaji huambatisha nakala ya hati na risiti za kodi ya ardhi. Ukiwa na deni la kodi hiyo, anza hapo, maana faili yako haitasonga. Ujenzi wenyewe husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na kanuni mpya za ujenzi za taifa, zilizoanza kutumika Machi 2025, zimechukua mahali pa zile za mwaka 1968. Kila kaunti ina ada zake na mpango wake wa mitaa. Kinachokubaliwa Ruiru, katika kaunti ya Kiambu, si lazima kikubaliwe Nairobi, na ndani ya Nairobi yenyewe Dandora si Karen.

Hapo ndipo masharti ya hati yanapoingia. Soma kurasa za nyuma, zile zenye herufi ndogo. Hati nyingi za mijini ni za kukodi ardhi kwa miaka kadhaa, na masharti yake husema kiwanja kitumiwe kwa makao ya familia moja. Nyumba ya mtumishi inaruhusiwa kwa kuwa ni sehemu ya nyumba kubwa. Vyumba sita vyenye milango sita ni jambo lingine, na mwenye kiwanja hutakiwa kuomba kubadilishiwa matumizi ya ardhi. Ombi hilo hutangazwa ili majirani waseme neno lao. Wengi huchukia hatua hii. Mimi naona ina faida, kwani jirani aliyeulizwa mapema ni nadra kukushtaki baadaye kwamba ukuta wako umemzibia dirisha.

Na mabomba je? Mtaa uliowekewa bomba la maji taka kwa familia moja kila kiwanja sasa una familia nne. Ndiyo maana uchafu hufurika kila mvua ikinyesha. Kabla hujachimba msingi, tafuta bomba la mtaa limepita wapi. Kampuni ya maji ina haki ya kulifikia, na chumba kilichojengwa juu yake kitabomolewa bila fidia hata kama kimepakwa rangi nzuri kiasi gani.

Usidhani haya ni masharti ya kusumbua watu tu. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa sita lilianguka huko Huruma, kando ya mto, na watu zaidi ya 40 walikufa. Lilikuwa limejengwa bila kibali. Karibu wote waliokufa walikuwa wapangaji wa chumba kimoja kimoja, watu waliolipa kodi yao kama kawaida. Nyumba za Buruburu na Umoja zilipewa misingi ya kubeba nyumba ndogo. Mtu akikuambia unaweza kupandisha ghorofa mbili juu ya jiko la zamani, mwulize ni mhandisi gani aliyetia sahihi.

MPANGAJI HUYU NI JIRANI YAKO

Chumba kimekamilika na mtu amekuja kuuliza. Mwombe kitambulisho na uweke nakala. Mwulize anafanya kazi wapi na alitoka nyumba gani. Unaishi naye ua mmoja, watoto wako wanapita mlangoni pake, kwa hiyo usione haya kuuliza.

Wengi hupangisha kwa mdomo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inakubali mapatano ya mdomo kwa upangaji wa muda usiozidi miaka miwili, na mahali pasipoandikwa lolote, mtu anayelipa kila mwezi huhesabiwa kuwa mpangaji wa mwezi hadi mwezi. Kumtoa ni kumpa notisi isiyopungua mwezi mmoja. Lakini kwa kuwa sheria inakubali mdomo, wewe usitosheke nao. Ukurasa mmoja unatosha: majina, nambari za vitambulisho, kodi kiasi gani na tarehe gani, amana kiasi gani, nani analipa maji na stima, wangapi watalala humo, notisi ya muda gani. Kila mmoja abaki na nakala. Siku ya kuingia kagueni chumba pamoja, mwandike kioo gani kina ufa na bomba gani linavuja. Amana nyingi hugombaniwa kwa sababu hakuna anayekumbuka ule ufa ulikuwapo tangu lini.

Mpangaji asipolipa, hasira hupanda, na hapo ndipo watu wema hufanya mambo ya ajabu. Wengine hung'oa mlango. Wengine huondoa mabati mvua ikinyesha, au hukata maji na kufunga kufuli juu ya kufuli huku vitu vya mtu vikiwa ndani. Usifanye hivyo. Ukiondoa mlango, wewe mwenye kudai ndiye unayegeuka mshtakiwa. Sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi ipo, lakini kazi hiyo hufanywa na dalali mwenye leseni, wala si mwanao na marafiki zake. Na kama chumba ni cha makao na kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, mpangaji analindwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi: huwezi kumtoa wala kumpandishia bila kupitia baraza maalumu la kodi za nyumba. Shilingi 2,500 ni kiwango cha zamani sana, na vyumba vya bei hiyo vimebaki vichache, lakini vipo, hasa katika miji midogo.

Neno dogo kuhusu wanaopangisha kwa siku moja moja. Fedha yake huonekana kubwa, lakini hiyo ni biashara ya hoteli, na leseni yake hutoka kwa Mamlaka ya Kusimamia Utalii. Mwezi Januari 2024 nchi ilishtuka wanawake vijana walipouawa katika vyumba vya namna hiyo jijini Nairobi. Mama mwenye mabinti nyumbani afikiri mara mbili kabla ya kumfungulia lango kila anayefika usiku na begi.

USHURU WA KODI

Katika jambo hili kuna uvumi mwingi, kwa hiyo tutumie hesabu. Kodi yote ya nyumba za makao unayopata kwa mwaka ikiwa kati ya shilingi 288,000 na milioni 15, unalipa ushuru wa asilimia 7.5 ya kodi unayopokea. Kiwango kilikuwa asilimia 10 hadi mwisho wa mwaka 2023. Kilishuka Januari 2024. Hukatiwi gharama yoyote. Umepaka rangi, umerekebisha choo, hayo ni yako.

Chukua mama mwenye vyumba vitatu vya shilingi 9,000 kila kimoja. Kwa mwezi anapata 27,000, kwa mwaka 324,000. Amevuka kiwango. Ushuru wake ni shilingi 2,025 kwa mwezi, na unatakiwa kufika kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Jirani yake mwenye vyumba viwili vya bei hiyo hiyo anapata 216,000 kwa mwaka. Yeye hayumo katika mpango huo wa kila mwezi, lakini hajasamehewa kutaja mapato yake. Huyaandika katika taarifa ya mwaka pamoja na mapato mengine. Chumba kikikaa kitupu mwezi mzima, toa taarifa ya sifuri, usinyamaze. Faini za kunyamaza huzidi ushuru wenyewe.

Ikiwa vyumba viko kwa jina la mume na wewe ndiye unayepokea kodi kwa simu yako, amueni mapema nani atatoa taarifa hiyo. Mamlaka ya ushuru husoma jina lililo kwenye nambari ya mlipaji.

Mwisho, kuhusu madeni madogo. Zamani mama aliyedaiwa amana, au aliyekimbiwa na mpangaji mwenye deni la miezi minne, aliacha tu, kwa kuwa wakili angekula zaidi ya deni. Tangu mwaka 2021 kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza Milimani jijini Nairobi na sasa ipo katika miji mingine. Hupokea madai ya fedha yasiyozidi shilingi milioni moja, huna haja ya wakili, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Nenda na ule ukurasa mmoja wa mapatano, daftari la kodi, orodha ya ukaguzi wa chumba yenye sahihi mbili, na ujumbe wa malipo ulio kwenye simu. Mwenye mpangaji aliyehama usiku ahakikishe pia ana nakala ya kitambulisho na anwani ya kazini, kwa kuwa mahakama haiwezi kumwita mtu asiyejulikana aliko.